Mpime akiwa mzima: jinsi ya kufuatilia selimundu nyumbani kwa simu

Kabla hujapakua programu yoyote, mpime mtoto wako siku ambayo haumwi. Siku anayokimbizana na wenzake kwenye ploti, anakula, anasumbua kila mtu. Hiyo ndiyo siku ya kuanza kuandika, na ndiyo siku ambayo wengi wetu hatuandiki chochote kwa sababu hakuna cha kututia hofu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Manyatta, Kisumu. Mwanangu wa pili ana miaka minne na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au siko seli kama wengi tunavyosema. Kila nikitoa simu mbele ya daktari, mzazi aliye nyuma yangu kwenye foleni huniuliza nikitoka: hiyo programu inaitwaje? Namjibu kwamba jina la programu ni jambo la mwisho. La kwanza ni kuijua kawaida ya mtoto wako kwa nambari, ili usiku akibadilika uone amebadilika kiasi gani. Mtoto wa selimundu anaweza kuishi na hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ya 7.5 na bado akacheza mpira hadi giza liingie. Mwingine aliyezoea 9 akishuka hadi hiyo 7.5 kwa siku moja, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa. Nambari ni ile ile, watoto ni wawili tofauti. Kwenye cherehani nimezoea hivyo: kipimo cha mteja mmoja hakimshonei mwingine.

Nitaeleza kwa selimundu kwa kuwa ndiyo ninayoishi nayo. Mwenye mtoto wa kifafa au wa moyo abadilishe vipimo, utaratibu ni huo huo, na mbele kidogo nitagusia.

Vipimo vya siku njema

Chagua jioni chache ndani ya wiki mbili, mtoto akiwa mzima, saa ile ile, kabla hajaoga. Pima haya na uyaandike pamoja na tarehe.

Joto. Tumia kipimajoto cha dijitali, kile kinachouzwa kwenye duka la dawa. Kiweke kwapani, mkono uubane hadi kilie. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, lakini usiongeze wala usipunguze: andika ulichokiona, na uandike ni kwapani. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso sivipendi kwa nyumba zetu za mabati. Saa nane mchana paji la uso la mtoto aliyetoka nje kucheza lina joto lake la jua, na kifaa kinalisoma hilo. Kama ndicho ulicho nacho, mkalishe kivulini kwanza atulie.

Pumzi. Hii haihitaji kifaa, na ndiyo watu huruka. Msubiri alale au atulie kabisa, pandisha fulana uone kifua na tumbo, washa saa ya simu, uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpigo mmoja. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 kwa dakika anapumua kwa kasi. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja ni 50. Wangu akilala huwa chini ya 30, kwa hiyo hata 36 kwangu ni habari.

Wengu. Wengine wanaita bandama. Kwa mtoto mdogo mwenye selimundu, damu inaweza kukwama ndani ya wengu kwa saa chache tu, tumbo la kushoto likajaa, mtoto akapauka na kuishiwa nguvu. Inaua, na inaua haraka. Kule Jamaica daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama kupapasa wengu wa watoto wao nyumbani, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana kwa sababu mama alikuwa anafika hospitalini mapema. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1985, hakuna aliyekuwa na simu mfukoni. Kwa hiyo usiudharau mkono wako.

Mwombe sista wa kliniki akuongoze mkono mara ya kwanza, usijifunze kwa video. Nyumbani mimi hufanya hivi. Namlaza chali, magoti nimeyakunja kidogo ili tumbo lilegee. Nasugua viganja vipate joto. Naanzia chini, upande wa kulia wa tumbo karibu na nyonga, napanda polepole kwa mshazari kuelekea mbavu za kushoto. Natumia nyama ya vidole, si ncha, na sikandamizi. Kila akivuta pumzi natulia, kwa sababu wengu uliovimba hushuka na kugonga vidole, nao una ukingo mgumu ambao utumbo hauna. Nikiupata, nachukua tepu yangu ya kazi, naweka sifuri kwenye ukingo wa mbavu na kusoma sentimita hadi mwisho wa wengu. Nisipoupata naandika 0. Sista mwingine anapenda kuhesabu upana wa vidole. Sawa pia, ila chagua kimoja na usibadilishe, na vidole viwe vya mtu yule yule.

Viganja na macho. Piga picha ya kiganja kimewekwa kando ya chako, na picha ya macho akitazama juu. Ifanye mlangoni, mwanga wa mchana, bila flashi. Watoto wetu wengi wana macho ya manjano kidogo hata wakiwa wazima, na ukikosa picha ya siku njema utabishana na mume wako usiku kama ni manjano ya kawaida au yamezidi.

Oksijeni. Kama una kile kibanio cha kidole, andika kawaida yake. Kidole kiwe na joto, kisiwe na hina wala rangi ya kucha, na usubiri nambari itulie. Kwa vidole vidogo, kibanio cha mtu mzima huteleza na kusoma uongo. Pia vifaa hivi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi kama zetu. Kwa hiyo nambari mbaya iamini ukimbie. Nambari nzuri usiifanye sababu ya kubaki nyumbani wakati mtoto anahema.

Uzito, mara moja kwa mwezi. Dozi za dawa zake kadhaa zinapigiwa hesabu kwa kilo.

Mwisho ongeza hemoglobini ya kawaida kutoka kwenye kadi ya kliniki. Yote haya yakae juu kabisa ya rekodi yako, sehemu uliyoiita “Akiwa mzima”. Kila utakachoandika baadaye kitasomwa dhidi ya hayo.

Sasa chagua chombo

Programu za kufuatilia afya ni nyingi. Medisafe na MyTherapy, kwa mfano, kazi yake kubwa ni kukukumbusha dawa, na kwa mtoto anayekunywa haidroksiurea ya kutuliza selimundu, penisilini asubuhi na jioni, foliki na proguanili ya kuzuia malaria, kengele ya dawa ni msaada wa kweli. Kuna nyingine za kuandika dalili. Kabla hujaizoea yoyote, ijaribu kwa maswali haya: inafanya kazi bila bando? Inakuruhusu kuongeza kipimo chako mwenyewe, kama wengu? Inatoa ripoti unayoweza kuituma au kuichapisha? Mtu wa pili nyumbani anaweza kuandika humo? Ikikosa mawili kati ya hayo, iache, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Na ile inayokuuliza dalili kisha inakubahatishia ugonjwa, usiitumie kabisa kwa mtoto huyu. Majibu yake mengi yamelenga mtoto wa kawaida mwenye homa ya kawaida. Itakwambia mpe maji, mpe dawa ya homa, subiri kesho. Mtoto wa selimundu hana kesho ya kusubiri akiwa na homa, na nitaeleza kwa nini.

Mimi natumia jedwali la Google Sheets. Linaingia kwenye simu ya bei rahisi, linafunguka kwa simu ya baba yake, na nalipanga nitakavyo. Fungua jedwali jipya, safu za juu ziwe: tarehe na saa, joto, pumzi, wengu, maumivu, mahali pa maumivu, dawa aliyopewa, amecheza au hakucheza, maelezo, aliyeandika. Kisha bonyeza vidoti vitatu vilivyo kando ya jina la faili na uchague litumike nje ya mtandao. Ukiandika usiku bila bando, litajituma lenyewe simu ikipata intaneti. Gandisha mstari wa juu usipotee ukishuka chini. Weka njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo, iwe mguso mmoja tu, kwa sababu saa tisa usiku hutatafuta faili.

Safu ya “amecheza” naipenda kuliko zote. Kipimajoto kinaweza kusema 37.2 na mtoto ameketi mlangoni akiwatazama wenzake. Hilo limenipa onyo mapema mara nyingi kuliko nambari yoyote.

Maumivu namwacha achague mwenyewe. Kuanzia miaka mitatu mtoto anaweza kukuonyesha uso mmoja kati ya nyuso sita zilizochorwa, kuanzia unaocheka, 0, hadi unaolia, 10. Nimezichora kwenye kadi ya boksi la nyuzi. Namwonyesha, anagusa, naandika. Sibishani naye. Na simuulizi kila saa, kwa sababu mtoto anayeulizwa kila saa kama anaumwa hujifunza kuwa mgonjwa. Siku njema naandika mara moja, jioni, mstari mmoja. Akianza kuumwa ndipo naandika kila baada ya saa chache.

Mistari myekundu, iandikwe kabla ya usiku wake

Juu ya jedwali langu kuna visanduku vyekundu. Havikutoka kichwani mwangu. Nilikwenda navyo kliniki, daktari akavisoma na kurekebisha. Wewe pia fanya hivyo, kwa sababu daktari wako anaweza kutaka viwango tofauti. Vyangu vinasema twende hospitali sasa hivi, mchana au usiku, ikiwa:

Joto ni 38.5 au zaidi. Madaktari wengine wanataka hata 38, fuata ulichoandikiwa.
Wengu umezidi kawaida yake kwa sentimita 2, au mtoto amepauka ghafla.
Anapumua kwa kasi, anakohoa huku kifua kinauma, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi.
Mdomo umeenda upande, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki vizuri, degedege, au kichwa kimeuma ghafla vibaya.
Maumivu hayapungui baada ya dawa za nyumbani.
Anatapika na hakuna kinachokaa tumboni.
Uume umesimama na kuuma, haulegei hata baada ya kunywa maji na kukojoa. Zikitimia saa mbili tangu usimame, tuwe tumeshafika hospitali.

Hilo la mwisho wazazi huona aibu kulitaja. Litaje, na umfundishe kijana wako kulisema. Likidumu zaidi ya saa nne linaweza kumharibu kwa maisha yake yote.

Faida ya kuyaandika mapema ni kwamba usiku hakuna mjadala. Mama mkwe akisema tusubiri kukuche, baba akisema boda usiku ni hatari, namwonyesha yeyote kisanduku na tunatoka. Uamuzi ulishafanywa na daktari akiwa ametulia, mchana.

Homa niizungumzie zaidi, maana hapa kwetu kando ya ziwa kila homa tunaiita malaria. Wengu wa mtoto mwenye selimundu huharibika mapema sana, nao ndio uliokuwa uchuje bakteria kwenye damu. Ndiyo maana wanapewa penisilini kila siku hadi angalau miaka mitano. Bakteria akiingia, mtoto anaweza kuwa wa kucheza asubuhi na mahututi jioni. Kwa hiyo kununua dawa ya malaria kwenye duka la dawa na kulala ni kupoteza saa ambazo antibiotiki ilihitajika. Hata kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, bado anaweza kuwa na yote mawili. Hospitali wapime malaria, wapime damu, waamue wao.

Na hapa ndipo mpangilio wa kuandika unapookoa: pima joto kwanza, andika, ndipo utoe parasetamoli. Ukitoa kwanza, dawa inashusha joto, unafika hospitali mtoto ana 37.4 na mtu wa mapokezi anakwambia hana homa. Ukiwa na mstari unaosema “saa 4:10 usiku, 38.9 kwapani, kabla ya dawa, parasetamoli saa 4:15, mililita kadhaa”, hakuna wa kukubishia. Pia hutarudia dozi kabla ya wakati. Parasetamoli hurudiwa baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku, na usiku wa uchovu watu wawili wanaweza kumpa mtoto mmoja dozi mbili bila kujua.

Nyanya mwenye kabambe, na mwalimu

Shule zikifungwa mwanangu huenda kwa nyanya yake Ahero. Nyanya hana simu ya kugusa, ana kabambe, na haoni vizuri maandishi madogo. Lakini anajua kupapasa wengu, nilikwenda naye kliniki akafundishwa kwa mkono wake. Tukakubaliana ujumbe mfupi wa kila jioni: J ni joto, P ni pumzi, W ni wengu, U ni uso wa maumivu, C ni kucheza. Ananitumia “J 36.8 P 28 W 0 U 0 C ndio”, nami naingiza kwenye jedwali nikiandika aliyepima ni nyanya. Ujumbe usipofika hadi saa tatu usiku, napiga. Wengu tunauandika kwa vidole upande wake, kwa hiyo kuna safu tofauti ya vidole vya nyanya. Sivichanganyi na sentimita zangu.

Ukimwachia mtu mtoto, mpe vilevile kitu cha karatasi. Kwenye begi la mwanangu kuna kadi iliyowekwa plastiki: ana selimundu, kundi la damu, dawa na dozi, mistari myekundu, nambari zetu mbili na ya bodaboda tunayemwamini. Simu huishiwa chaji na stima hupotea siku ile ile mtoto anapougua.

Rekodi hiyo ndiyo iliyonipeleka shuleni. Kila mwisho wa mwezi hupanga mistari kwa siku ya wiki nione kama kuna kitu kinajirudia. Maumivu ya miguu yalikuwa yanajikusanya Jumatano na Alhamisi. Jumanne watoto wa PP1, darasa lake la awali, wana michezo uwanjani, na chupa yake ya maji Jumanne ilikuwa inarudi nyumbani imejaa. Nilikwenda na ukurasa huo. Mwalimu akaniambia ukweli, kwamba alikuwa anawazuia wasinywe sana kwa sababu wanaomba kwenda choo kila wakati. Nikamweleza kwamba figo za watoto hawa haziwezi kubakiza maji vizuri, hukojoa mkojo mwingi na kupoteza maji, na mtoto aliyekaukiwa maji, damu yake hukwama kwenye mishipa. Kwake, kunywa na kwenda choo ni sehemu ya dawa. Tangu hapo chupa inarudi tupu na Alhamisi zetu zimekuwa nafuu. Sisemi ni maji peke yake, huenda na jua limepungua. Lakini bila safu ya tarehe nisingejua hata swali la kuuliza.

Tafuta hivyo hivyo kwako: siku za mvua na baridi, siku za kuoga maji baridi, siku dawa ilirukwa, siku baada ya safari ndefu ya matatu. Ukiona kitu kimejirudia, kipeleke kwa daktari kama swali. Usibadilishe dawa kwa sababu ya jedwali.

Kwa wenye watoto wa kifafa, mama mmoja tuliyeketi naye alinionyesha yake, na ni nzuri. Anarekodi video ya mshtuko, huku mkono mwingine umemlaza mtoto ubavu. Anaandika saa ulipoanza na ulipokwisha, upande ulioanza kutikisika, alichokuwa anafanya kabla, na kama alilala baadaye. Kisanduku chake chekundu ni dakika tano: ukizidi hapo, ni hospitali. Na mwenye mtoto wa ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi asisahau safu ya tarehe ya sindano ya penisilini, ile ya kila wiki tatu au nne, pamoja na uzito wa asubuhi na kuvimba miguu.

Ukurasa mmoja wa daktari

Siku ya kliniki usimpe daktari simu yenye mistari mia ashuke nayo. Ana foleni ndefu nje na dakika chache nawe. Usiku wa kuamkia kliniki andika ukurasa mmoja: tangu tulipokuja mara ya mwisho, homa ngapi na ya juu kabisa ilikuwa ngapi, siku ngapi za maumivu na wapi, kulazwa, kuongezewa damu, siku alizokosa shule, dozi zilizorukwa na sababu yake, uzito wa sasa. Chini yake maswali mawili, si kumi. Mimi naandika la muhimu juu, maana la pili mara nyingi halifikiwi.

Dozi zilizorukwa zisemwe kama zilivyo. Haidroksiurea hutolewa kwa kilo na kwa majibu ya damu. Ukimwambia daktari amekunywa kila siku kumbe duka lilikuwa limeishiwa, anaweza kudhani dozi haitoshi na kuipandisha bure. Dawa hii ina ushahidi mzuri kwa watoto wetu: utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa Kenya kule Kilifi, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, ulionyesha maumivu, maambukizi, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. Lakini watoto wale walikuwa wanapimwa damu kwa utaratibu, kwa kuwa dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Kwa hiyo weka safu ya tarehe ya kipimo cha damu kinachofuata, na kengele yake kwenye kalenda. Uliza pia kuhusu kipimo cha mishipa ya kichwa, kile cha mawimbi ya sauti, ambacho hushauriwa kuanzia miaka miwili hadi kumi na sita kutabiri kiharusi. Hakipatikani kila mahali, ndiyo maana uulize mapema uelekezwe wapi.

Majibu ya maabara yapige picha papo hapo, kabla hujatoka kwenye dirisha la maabara. Karatasi hubaki kwenye faili, faili hupotea, na siku utakapofika hospitali nyingine usiku, picha hiyo ndiyo historia ya mtoto.

Siri ya mtoto

Programu ya homa ikikuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako, ikatalie. Ikikataa kufanya kazi, ifute. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, na za mtoto haziwezi kutumiwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Una haki ya kuuliza zinakopelekwa na kudai zifutwe. Kwenye jedwali langu mtoto ana herufi moja tu, hana jina. Jedwali linafunguka kwa simu mbili, yangu na ya baba yake, na halina kiungo cha wazi. Picha za macho na viganja siziweki kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata wakiniomba ushauri kwa nia njema. Mtoto atakua, na ugonjwa wake autangaze yeye akipenda.

Nywila ya akaunti aijue mtu mzima mmoja zaidi. Simu ikiibwa Kondele leo, kesho unaingia kwa simu nyingine na rekodi iko pale. Mimi pia huchapisha ukurasa wa “Akiwa mzima” pale saiba, duka la intaneti, na kuuweka kwenye faili la kliniki, maana wodini hawawezi kuchaji simu yako.

Akilazwa, endelea kuandika ukiweza, hasa dawa na saa zake. Siku ya kutoka, andika kabla hujabeba mizigo: hemoglobini aliyotoka nayo, uzito, dozi mpya, tarehe ya kurudi, na kama aliongezewa damu. Hemoglobini ya baada ya kuongezewa damu iwekee alama pembeni, kwa sababu ni damu ya mtu mwingine inayosomeka humo. Usiiandike kwenye “Akiwa mzima”. Madaktari husubiri kama miezi mitatu ndipo waiite kawaida yake tena. Lakini wengu, pumzi na joto vipime upya akishapata nafuu, ukishaona amerudi kukimbizana na wenzake, na tarehe mpya uiandike juu ya ile ya zamani bila kuifuta.